Mfiwa Asiyelia

Katika vitabu vya kinu cha Hollis, hapa Nakuru, mimi Nyongesa niliandikwa kuwa nyapara wa stoo. Kazi yangu hasa ilikuwa nyingine: kumweleza mzungu watu wake wana nini moyoni. Bwana Hollis alikuwa akiniita mlangoni mwa ofisi, ananyoosha kidevu kuelekea kwa mtu fulani, kisha ananiuliza kwa kile Kiswahili chake, "Nyongesa, ile mtu iko kasirani? Nataka nini?" Nami nilikuwa na jibu kila mara. Nilikuwa nalo hata siku ambazo sikujua kitu, maana mtu akishazoea kusifiwa kwamba anajua watu, kusema "sijui" kunamkwama kooni.

Sasa mimi ni mzee, na wajukuu wangu wananiambia nisahau, eti hayo ni mambo ya zamani. Waniache. Wao hawakuwepo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, wakati wa hali ya hatari. Kinu kilikuwa karibu na reli, tukisaga ngano ya wazungu wa Njoro na Rongai. Ikifika saa sita mchana sisi sote tulikuwa weupe kumshinda Bwana Hollis mwenyewe, na huo ndio ulikuwa mzaha wetu wa kila siku. Wengi wetu tulikuwa Waluhya na Waluo. Wakikuyu walikuwa wamebaki watatu tu, kwa sababu wenzao walikuwa wamekamatwa au kurudishwa kwao kwa malori miaka miwili kabla. Hao watatu walibaki kwa kuwa Bwana Hollis aliwasemea kwa polisi. Lakini hata hivyo, Mkikuyu hakuweza kutoka nje ya Nakuru bila barua ya bwana wake. Akishikwa njiani hana barua, alihesabiwa kuwa mtu wa msituni, mpiganaji dhidi ya serikali, na hakuna aliyengoja kusikia maelezo yake.

Kahiga alikuwa mmoja wa hao watatu. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini hivi, mpole, mshonaji wa magunia. Unga ukishajazwa, gunia lilimfikia yeye, naye alilifunga mdomo kwa sindano ndefu na uzi wa katani, mishono imekaa sawasawa hata ungedhani imepigwa na cherehani. Mkewe Mugure alikuwa kibarua katika shamba la pareto upande wa Gilgil, na huko ndiko alikokaa na mtoto wao wa pekee, Wariara, wa miaka minne. Kahiga aliwatembelea mara moja kwa mwezi, na barua ya Bwana mfukoni.

Ili nieleweke, lazima nianze na Masinde.

Masinde alikuwa mpakiaji, Mbukusu kama mimi, tena wa kwetu Kimilili. Mwezi wa Machi mwaka ule mtoto wake alikufa kwa nimonia katika laini, zile safu za vyumba tulimoishi nyuma ya kinu. Habari ilimkuta akiwa na gunia begani. Alilitupa, akajitupa na yeye mwenyewe sakafuni, akalia kwa sauti iliyozidi ya mashine. Sisi wa kwetu tulilia naye. Wanawake walikuja mbio kutoka laini, mikono kichwani. Kazi ilisimama. Bwana Hollis alitoka ofisini akikimbia, akidhani mtu ameshikwa na mkanda wa mashine.

Nilipomweleza, alisimama pale uso mwekundu, hajui aiweke wapi mikono yake. "Kwetu," aliniambia, "mtu nalia ndani ya chumba, mlango nafungwa."

"Kwetu, Bwana, mtu aliyefiwa analia watu wasikie," nilimjibu. "Ukiona mtu halii, ujue hajafiwa, au kuna kitu anachokijua kuhusu hicho kifo."

Nilisema kwa fahari. Aliitikia kwa kichwa polepole, na niliona kwamba neno limemwingia. Alimpa Masinde siku tano, akatoa na lori la kinu limpeleke mtoto nyumbani Kimilili akazikwe. Siku ile nilimwona Bwana Hollis kuwa mtu mwema, na mimi nilijiona mwalimu.

Jioni kabla lori halijaondoka, Kahiga alifika kwenye kilio chetu. Alisimama kando, karibu na ukuta, kofia mkononi. Hakulia. Hakulitaja jina la mtoto. Aliweka pakiti ya sukari mlangoni, akamshika Masinde mkono kwa muda mrefu, akaenda zake. Nilichukia sana. Mtoto wetu amelazwa pale, na huyu anatuletea sukari na uso mkavu! Niliweka kinyongo hicho tangu Machi mpaka Agosti, na ungeniuliza ningekuapia kwamba sina kinyongo na mtu.

Siku yenyewe ya Kahiga ilikuwa Jumanne ya Agosti, asubuhi yenye baridi. Kila siku lori la maziwa kutoka upande wa Gilgil lilipita mbele ya kinu, na dereva wake, Kipchoge, alikuwa mtu wa mzaha, akitupigia honi na kututukana kwa utani. Siku ile hakupiga honi. Alisimamisha lori, akashuka, akamwita Kahiga getini. Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo. Nilimwona akimwinamia na kumwambia maneno machache. Kahiga alisikiliza akitazama chini. Kisha akaitikia kwa kichwa, akampa Kipchoge mkono, akamshukuru. Lori likaondoka.

Kahiga akarudi kwenye benchi lake. Akatia uzi kwenye sindano. Akashona gunia moja, akashona la pili, akashona la tatu, mishono ile ile. Baada ya hapo akaichomeka sindano kwenye koti, akaja kwangu.

"Nyapara," alisema, "naomba unipeleke kwa Bwana. Mtoto wangu amekufa."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa habari kwamba uzi umekwisha.

"Mtoto yupi?"

"Niko na mmoja tu. Wariara. Ni surua. Wanamzika leo jioni. Nataka barua nifike kwa mama yake, yuko peke yake."

Nilimtazama usoni. Nilikuwa natafuta machozi, au mdomo unaotetemeka, chochote. Alikuwa akitazama kifungo cha shati langu.

"Na hapo ulikuwa unashona?"

"Gunia tatu zilikuwa wazi," alisema. "Unga ingemwagika."

Nilimpeleka. Bwana Hollis alisikiliza, akavuta karatasi, akafungua kalamu yake, kisha akasita. Najua kwa nini alisita. Majuma mawili nyuma mtu wa kampuni nyingine mjini alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumzika baba yake, na huyo baba alikuwa mzima kabisa. Mtu mwenyewe alionekana baadaye msituni. Polisi walizunguka kwa waajiri wote wakiwaonya kwamba atakayetoa barua ovyo atajibu yeye. Bwana Hollis alimwambia Kahiga angoje nje, akafunga mlango.

"Nyongesa. Wewe najua watu. Masinde nalia sana, mimi naona. Hii mtu hapana lia. Yeye nasema kweli?"

Ningesema sijui. Ningesema, Bwana, mimi ni Mbukusu, huyu ni Mkikuyu, sijawahi kumwona Mkikuyu akifiwa, muulize mwenzake. Wenzake wawili walikuwa pale pale nje wakishusha ngano, si mwendo wa dakika moja. Lakini nilimkumbuka na pakiti yake ya sukari.

"Bwana," nilisema, "mtoto wangu akifa, utanisikia ukiwa stesheni. Huyu amepata habari akashona magunia matatu. Mimi sioni mtu aliyefiwa. Tungoje kesho, yule dereva atapita, nitamuuliza mwenyewe."

Nilijiona mwerevu kwa hiyo kesho. Sikuwa nimesema anadanganya, na sikuwa nimesema ni kweli. Bwana Hollis aliitazama karatasi kidogo, akaifunga kalamu. Akamwita Kahiga, akamwambia, "Kesho, Kahiga. Kesho mimi naandika barua."

"Ndiyo, Bwana," Kahiga alisema.

Tulipotoka alisimama kwenye varanda. "Nyapara, hukuniamini?"

"Kama ni kweli ungelia," nilimwambia.

Alilifikiria jambo hilo kana kwamba nimempa kazi ambayo hajawahi kuifanya. "Nikilia hapa," alisema, "atasikia nani?"

Akarudi kwenye benchi. Kengele ya mchana ilipolia alikuwepo. Tuliporudi kutoka kula hakuwepo. Niliona, nikanyamaza, nikajiambia atakuwa amekwenda kujilaza laini.

Asubuhi ya pili Kipchoge alisimamisha lori kabla sijafika getini. "Kahiga alikwama wapi?" aliniuliza. "Mama Wariara alimngoja mpaka jua likashuka. Tumemzika mtoto bila baba yake, bwana. Si vizuri hivyo."

Nilimfuata Wanyoike, mmoja wa wale Wakikuyu wawili, mtu mzima mwenye mvi, nikamvuta nyuma ya mirundo ya magunia. Nilimfokea, kama kawaida yangu ninapoogopa. "Nyinyi watu mko namna gani? Mtu anafiwa na mtoto anashona magunia?"

Wanyoike alijikung'uta vumbi la ngano mikononi. "Sisi kifo hatukipigii kelele," alisema. "Mtu akifa kwetu watu wananyamaza, hata jina lake hawataji ovyo. Tangu zamani tunakiogopa, hatutaki kukiita mara ya pili. Mwanamume akipatwa na jambo hilo anashika kazi, asiharibikiwe. Hujui hivyo?"

"Nitajuaje?"

"Ungeuliza," alisema, akarudi kwenye ngano yake.

Bwana Hollis alipiga simu polisi. Kahiga alikuwa ameshikwa siku ile ile saa kumi za jioni kwenye kizuizi cha Mbaruk, akifuata reli kwa miguu. Hakuwa na barua. Walipompekua walikuta sindano ya gunia kwenye koti, wakaandika kwamba ana silaha. Bwana alinitia ndani ya gari lake, tukaenda huko kizuizini na barua aliyoiandika wakati faida yake imekwisha kupita. Ofisa aliisoma, akaikunja vizuri, akairudisha. Kahiga alikuwa amekwisha kupelekwa na wengine kwenye kambi ya wafungwa ya mbali, alisema, na faili lake litachukua miezi.

Wakati wa kurudi Bwana Hollis alisimamisha gari kando ya barabara pale Lanet. Aliushika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Kaka yangu nakufa vitani," alisema. "Telegramu nafika saa nne asubuhi. Mimi nafanya kazi mpaka jioni. Hapana lia. Watu nasema Hollis hapana na roho." Akafuta vumbi la kioo kwa kiganja. "Mimi najua ile uso ya Kahiga, Nyongesa. Mimi najua sana. Kwa nini mimi nauliza wewe?"

Tulikaa hapo mpaka treni ya mizigo ikapita yote, ndipo akawasha gari. Tangu siku hiyo hakuniita tena mlangoni mwa ofisi kuniuliza habari za mtu.

Nilikaa siku kumi bila usingizi wa maana. Mke wangu Adero aliniambia niende Gilgil nikamwone mama wa mtoto, nitulie. Jumapili nilipanda lori la Kipchoge. Nilibeba nusu gunia la unga mweupe na sukari, na nilivaa koti langu la kanisani. Njiani nilijiambia, wewe Nyongesa, mtoto wa watu amezikwa bila hata mtu mmoja wa kinuni kumlilia. Utamlilia wewe.

Kwetu huendi matangani kimya kimya. Anayefika kimya kwenye nyumba ya msiba anatazamwa kama adui. Unaanza kulia tangu njiani, wenyewe wakusikie kabla hawajakuona, wajue kwamba huzuni yao imekufikia ulipo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilipofika penye ua wa laini za lile shamba nilitua mzigo, nikaweka mikono kichwani, nikalia kwa Kibukusu, kwa sauti yangu yote. Na sikuwa naigiza. Machozi yalinitoka kwa ajili ya mtoto ambaye sikumwona hata siku moja, na kwa ajili ya baba yake. Nililia mpaka nikapiga magoti kwenye matope.

Milango ilifunguka. Nilitarajia wanawake waje waniinue tulie pamoja. Hakuna aliyekuja. Walisimama milangoni mikono midomoni, na mmoja akawavuta watoto ndani haraka. Kisha mwanamke mmoja akatoka, mdogo wa mwili, kichwa kimenyolewa, ana kitambaa cha jikoni mkononi.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nyongesa," nilisema katikati ya kwikwi. "Wa kinu cha Nakuru. Nyapara wa Kahiga."

Aliketi chini pale pale aliposimama. Hakupiga kelele. Alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka magotini.

"Alikufa siku gani?" aliniuliza.

"Nani?"

"Baba Wariara. Si umekuja kuniambia amekufa huko kambini?"

Nilitambaa mpaka alipokuwa. "Hapana, mama! Yuko hai! Mimi nimekuja kumlilia mtoto!"

"Usinifiche, mzee," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mtoto tumeshamzika, ni siku nyingi. Hakuna mtu analilia mtoto siku hii. Umetoka Nakuru unalia namna hiyo mpaka umeanguka. Niambie tu. Niambie alikufa siku gani."

Nilimwapia kwa Mungu. Niliapa kwa watoto wangu mmoja mmoja. Hakuniamini, na ningemlaumu vipi? Wanawake walikuja wakamzunguka, wakaniangalia kama mtu aliyewarushia jiwe. Ilichukua muda mrefu. Kipchoge alipofika na kumwambia kwa Kikikuyu chake cha kuvunjavunja kwamba kweli, hakuna habari ya kifo, watu wa kwao huyu mzee ndivyo wanavyofanya, ndipo alipovuta pumzi. Akakikunjua kile kitambaa.

"Kumbe yuko hai," alisema.

Baadaye aliniletea kigoda na uji. Ndiyo, aliniletea uji, mimi. Aliniomba kwa adabu nisilie tena pale. "Tukisikika tukilia hapa, hawa askari homugadi watakuja kuuliza nani amekufa na amekufia wapi. Ukija siku ingine, mzee, kuja pole pole tu."

Nilimwahidi.

Alikaa karibu na moto, akausogeza ukuni. "Kipchoge alisema Bwana wenu alimnyima barua," alisema. "Ni mtu mbaya?"

Angalia jinsi shetani anavyomfungulia mtu mlango. Ningemwachia Bwana Hollis mzigo wote, na hakuna mtu duniani angenipinga. Nilikitazama kikombe changu.

"Si Bwana, Mama Wariara. Bwana aliniuliza mimi. Nilimwambia Kahiga haonekani kama mtu aliyefiwa."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa sababu hakulia."

"Ndiyo, mama."

Aliweka ukuni mwingine. "Siku Wariara alizaliwa," alisema, "nilimwambia ni msichana na hakusema kitu. Akatoka nje akapasua kuni tangu asubuhi mpaka usiku. Kuni ya miezi miwili. Watu walicheka, lakini mimi nilijua amefurahi mpaka hajui afanye nini." Akautazama moto. "Ungeona vile alikuwa anampenda."

Nilimwomba anisamehe. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliinuka, akachukua ufagio, akaanza kufagia uwanja uliokuwa safi tayari. Zamani ningekuwa nimekwisha kupata maana yake, nikaitangaza. Siku ile nilimwuliza.

"Mama Wariara, unataka niende?"

"Kaa tu," alisema. "Usiseme kitu."

Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka Kipchoge aliponiita. Wakati wa kuaga alinipa mkono.

Tangu hapo nilikwenda Gilgil kila nilipoweza. Niliingia ua ule taratibu, nikakohoa mara moja, nikaketi. Nilimpelekea unga, na habari ikiwepo. Kahiga alituma barua mbili kwa mkewe, akiandikiwa na mtu wa kambini, na zote zilikuja kinuni kwa sababu anwani ya kinu ndiyo iliyokuwa kwenye makaratasi yake. Nilimsomea Mugure, naye alisikiliza huku akipepeta au akishona nguo. Bwana Hollis alikuwa akiandika kwa serikali kila mwezi, na mwezi wa Mei mwaka uliofuata walimjibu kwamba jambo la Kahiga linatazamwa upya. Niliipeleka hiyo barua mbio. Mugure alininunulia soda, tukakaa tukihesabu miezi kama watoto wanaongoja Krismasi.

Barua ya nne ilifika Julai. Haikuwa ya Kahiga. Ilikuwa imepigwa mashine, ina muhuri, na ilisema kwa mistari mitatu kwamba mtu huyo amefariki kwa homa ya matumbo na amezikwa huko huko. Bwana Hollis alinisomea mwenyewe, mlango umefungwa. Alipomaliza aligeuka dirishani akanipa mgongo. Akasema, "Nenda sasa. Gari yangu nakupeleka."

Njia nzima, Lanet, Mbaruk pale pale kizuizini, mpaka tunapinda kuelekea shambani, nilikuwa na kilio kimenijaa kifuani. Kahiga alikuwa amekuwa mtu wangu. Nilikuwa nimemzoea kuliko ndugu zangu, ingawa tangu ile siku ya varanda sikumwona tena. Lakini nilikuwa nimemwahidi mkewe, na safari hii nilitaka kumfanyia jambo sawasawa, kwa desturi ya kwao. Nilimwambia dereva anishushe njiani, kabla ya kufika ua. Nilijifuta uso kwa leso, nikafunga vifungo vyote vya koti. Nilijiambia, uingie kimya, umketishe, umwambie kwa sauti ya chini.

Mugure alikuwa nje akianika pareto kwenye magunia na wanawake wawili. Aliinua kichwa. Aliona ni mimi, siku ya kazi, gari la Bwana limesimama njiani, nimevaa koti la kanisani, na silii.

Alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akicheka, meno yote nje. Akapiga makofi, akawageukia wenzake.

"Mnaona?" aliwaambia. "Mzee wa Nakuru amekuja na gari la Bwana, na halii! Wamemwachilia!"

Akaanza kuja kwangu akikimbia, mikono imejaa maua ya pareto. Barua ilikuwa mfukoni, na mimi nilikuwa bado nje ya ua.